Histeria: kutoka kizazi kinachotembea hadi wasichana wa Kashasha

Msichana anaanguka darasani, anatetemeka, kisha miguu inakataa kumbeba. Hospitali wanampima damu, wanampiga picha, kila kitu kinarudi safi. Hapo huzuka kauli mbili, na mara nyingi hutoka vinywani mwa watu wanaompenda: ana mapepo, au anajifanya. Tiba ya Ulaya ilikuwa na kauli yake ya tatu, iliyodumu kwa zaidi ya miaka elfu mbili: ana histeria.

Jina hilo limeondolewa kwenye orodha kuu za magonjwa, lakini bado linatamkwa, magazetini na hata wodini, na wanaolitamka hawamaanishi kitu kimoja. Ndani yake yamefungwa mambo matatu: maelezo ya chanzo cha ugonjwa, dalili halisi za mwili, na hukumu juu ya tabia ya mwanamke. Maelezo ya chanzo yalishindwa zamani sana. Dalili zipo hadi leo, na madaktari wa mishipa ya fahamu wanazijua vizuri. Hukumu ndiyo iliyokataa kufa, na naamini imewaumiza wagonjwa kuliko dalili zenyewe.

Kizazi kinachotafuta unyevu

Wagiriki wa kale walikiita kizazi hystera, na jina la ugonjwa likatoka huko. Maandishi ya tiba yanayohusishwa na Hippocrates, ya karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, yanaeleza kwamba kizazi cha mwanamke asiyelala na mwanamume hukauka, huwa chepesi, kisha hupanda juu kutafuta unyevu. Kikifika kwenye ini, mwanamke hukosa pumzi, macho hugeuka yakabaki meupe, meno husagana, sauti hupotea. Dawa ilifuata maelezo hayo: anusishwe vitu vinavyonuka vibaya ili kizazi kikimbie kutoka juu, na afukizwe manukato sehemu za chini ili kivutwe kurudi mahali pake. Tiba ya kudumu ilikuwa mume na mimba.

Sioni sababu ya kuwacheka. Shambulio lenyewe walilitazama kwa makini. Koo kukabwa na sauti kupotea ni mambo ambayo daktari wa leo angeyatambua mara moja. Kilichowapotosha ni kukisia yaliyo ndani ya mwili bila kuyaona. Kasoro hiyo ilirekebishwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Herophilus alipasua maiti za binadamu huko Alexandria na kueleza viungo vya uzazi vya mwanamke. Karne ya 2 baada ya Kristo, Soranus wa Ephesus, daktari aliyefanya kazi Roma, aliandika waziwazi kwamba kizazi hakichomoki kama mnyama wa porini anayetoka pangoni, akifuata harufu nzuri na kukimbia mbaya. Alizipinga tiba za uvundo kwa sababu zilimtesa mgonjwa bure. Galen, daktari mwingine maarufu wa Roma, naye alikubali kwamba kizazi hakitembei, kwa kuwa kimeshikiliwa na kano.

Lakini Galen alileta maelezo mapya: tatizo ni mbegu ya mwanamke iliyobaki ndani na kuharibika, hasa kwa wajane. Maelezo yakawa mengine, agizo likabaki lilelile, yaani aolewe. Hapa ndipo pa kutua na kufikiri. Wazo ambalo wataalamu wenyewe walishalibomoa liliendelea kuishi kwa sababu dawa yake iliwafaa akina baba na waume, si kwa sababu iliwaponya wagonjwa.

Daktari mbele ya hakimu

Mwaka 1602 jijini London, msichana wa miaka 14 aitwaye Mary Glover alianza kupata mishtuko, kupoteza sauti na kuvimba koo baada ya kugombezwa na kikongwe wa jirani, Elizabeth Jackson. Kikongwe akashtakiwa kwa uchawi. Daktari Edward Jorden alisimama mahakamani akasema msichana ni mgonjwa, na ugonjwa wake ni wa kawaida wa mwili. Hakimu Edmund Anderson akamuuliza kama anaweza kuuponya. Jorden hakuweza kuahidi hilo, na ushahidi wake ukatupwa. Jackson alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na kuwekwa hadharani adhalilishwe. Mwaka uliofuata Jorden alichapisha kitabu kidogo kueleza kwamba mengi yanayoitwa kurogwa yanatokana na kizazi.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, anaujua uzito wa ushahidi wa namna hiyo. Kwa siku ile, histeria lilikuwa neno la huruma. Lilikuwa linajaribu kumwokoa mtu. Nalisema hili kwa sababu historia ya jina hili husimuliwa kana kwamba lilikuwa rungu tangu mwanzo, na hiyo si haki kwa Jorden.

Karne hiyohiyo chanzo kilianza kuhamishwa kutoka tumboni kwenda kichwani. Thomas Willis, aliyeuchunguza ubongo kuliko wengi wa zama zake, aliuweka ugonjwa huu kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Thomas Sydenham mwaka 1682 akaandika kwamba unaweza kuiga karibu kila ugonjwa mwingine, na kwamba wanaume nao wanaupata. Ila kwa wanaume alitumia jina jingine, hipokondria. Desturi hiyo ya kumtafutia mwanamume jina lake peke yake tutaikuta tena.

Karne ya 19 jina likawa rungu kweli. Wanawake wa tabaka la kati wa Marekani na Uingereza walipewa utambuzi huu kwa uchovu, huzuni, maumivu, hasira, au kwa kupenda kusoma. Daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliwatibu kwa kuwalaza wiki nyingi, kuwalisha maziwa na mafuta, na kuwakataza shughuli za akili. Mwandishi Charlotte Perkins Gilman alipitia tiba hiyo mwaka 1887, akaruhusiwa kwenda nyumbani kwa sharti asiguse kalamu tena. Alikaribia kuchanganyikiwa kabisa, akaivunja amri, na mwaka 1892 akachapisha hadithi kuhusu mwanamke anayepoteza akili akiwa amefungiwa chumbani kwa jina la tiba.

Wengine walikutana na kisu. Jijini London daktari wa upasuaji Isaac Baker Brown aliwakata wanawake kinembe, akidai kwamba anatibu histeria na kifafa, akaandika kitabu kukisifia kitendo hicho mwaka 1866. Mwaka uliofuata alifukuzwa katika chama cha madaktari wa uzazi cha London. Sehemu kubwa ya lawama dhidi yake ilikuwa kwamba waume hawakuwa wameelezwa. Mwili wa mgonjwa mwenyewe ulizungumzwa kidogo. Sisi ambao nchi zetu zimetunga sheria dhidi ya ukeketaji, Tanzania mwaka 1998 na Kenya mwaka 2011, tunafaa kujua kwamba kitendo hicho kiliwahi kufanywa katikati ya London na mtu mwenye shahada. Nchini Marekani, kuanzia mwaka 1872, Robert Battey aliwaondoa wanawake ovari zisizo na ugonjwa wowote, na wengi walimfuata.

Kuna pia simulizi inayopendwa sana mtandaoni, kwamba madaktari wa wakati huo walizoea kuwafikisha wagonjwa wa histeria kileleni kwa mikono, na mashine za kutetemesha zikabuniwa ili kuwapunguzia kazi. Ilienezwa na kitabu kimoja cha mwaka 1999. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Marekani walirudia kusoma vyanzo vyake kimoja baada ya kingine, wakakuta havisemi hivyo. Tuiache.

Hospitali ya Salpêtrière

Jina moja halikwepeki: daktari Jean-Martin Charcot. Mwaka 1862 alikabidhiwa wodi katika Salpêtrière, Paris, kituo kikubwa kilichokuwa na maelfu ya wanawake maskini, wazee na wagonjwa. Ni huko alikokuwa mmoja wa waasisi wa elimu ya mishipa ya fahamu. Magonjwa kadhaa aliyoyaeleza bado yanafundishwa kama alivyoyaandika. Alipoigeukia histeria alikataa kuwaita wagonjwa waongo, na alionyesha kwamba wanaume, tena vibarua wenye miili imara walioumia kazini, nao wanaipata. Kwa hayo mawili anastahili heshima.

Lakini Charcot alikuwa na jukwaa. Masomo yake yalihudhuriwa na madaktari, waandishi na watu wa mjini waliokuja kutazama. Wanawake walilazwa usingizi wa hipnosi, unaoletwa na maneno ya daktari, mbele yao, wakashikwa mishtuko aliyoigawa katika hatua nne zinazofuatana, huku wapiga picha wakinasa kila mkao. Mchoro maarufu wa André Brouillet wa mwaka 1887 unaonyesha Blanche Wittmann akianguka mikononi mwa daktari Joseph Babinski huku wanaume waliojaa chumbani wakitazama. Hatua hizo nne hazikuonekana kwingine kama zilivyoonekana Salpêtrière. Daktari Hippolyte Bernheim wa mji wa Nancy alisema kwa nini: wagonjwa walikuwa wakijifunza, bila kukusudia, kile ambacho daktari alitarajia kukiona. Charcot alipofariki mwaka 1893, histeria ile ya hatua nne ilififia pamoja naye, na Babinski mwenyewe akaigeuka.

Je, walikuwa wakiigiza basi? Blanche Wittmann aliulizwa swali hilo miaka mingi baadaye, Charcot akiwa hayupo na yeye mwenyewe akiwa mfanyakazi wa hospitali hiyohiyo. Alikana. Alisema walishikwa kwa sababu hawakuweza kufanya vinginevyo, na wala haikuwa jambo la kupendeza. Mimi namwamini, na sayansi ya leo inamwelekea. Mwili unaweza kufuata matarajio ya watu wanaouzunguka bila mwenye mwili kuamua. Hilo ni gumu kulikubali, na ndicho kiini cha jambo zima.

Yupo pia Augustine, aliyeingizwa hapo mwaka 1875 akiwa na miaka 14, akapigwa picha kuliko karibu wenzake wote. Kumbukumbu za hospitali zenyewe zinaeleza kwamba alikuwa amebakwa na mwajiri wa wazazi wake. Katika mishtuko yake alizungumza na mtu huyo, akamkataa, akapiga kelele, na maneno hayo yaliandikwa na kuchapishwa chini ya picha. Yalisomwa kama sehemu ya dalili. Mwaka 1880 alitoroka Salpêtrière akiwa amevaa nguo za kiume.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeasisi uchambuzi wa nafsi, alikaa na Charcot kuanzia Oktoba 1885 hadi Februari 1886. Mwaka 1896 aliwaambia madaktari wenzake wa Vienna kwamba chini ya kila histeria aliyoichunguza kulikuwa na mtoto aliyeharibiwa kingono. Walimpokea kwa ubaridi. Septemba 1897 akamwandikia rafiki yake kwamba haiamini tena nadharia hiyo, na polepole akahamia kwenye matamanio ya siri ya mgonjwa. Matokeo yake tunayaona kwa msichana aliyempa jina la Dora. Rafiki wa baba yake alimkumbatia na kumbusu kwa nguvu akiwa na miaka kama 14, akasikia kinyaa. Freud akakihesabu kinyaa hicho kuwa dalili ya histeria. Dora aliacha kwenda siku ya mwisho ya mwaka 1900, baada ya wiki 11. Alikuwa na haki ya kuondoka.

Kisha vita vya mwaka 1914 vikaleta wanaume kwa maelfu, wakitetemeka, wakiwa bubu, vipofu, miguu imekufa bila jeraha. Dalili zilikuwa zilezile za Salpêtrière. Jina likatafutwa jipya, mshtuko wa makombora, ambalo Charles Myers alilichapisha mwaka 1915. Ilikuwa rahisi zaidi kumwaza askari aliyetikiswa na bomu kuliko kukubali kwamba hofu na unyonge vinaweza kuufunga mwili wa yeyote.

Kilichobaki baada ya jina kuondoka

Mwaka 1965 daktari wa akili Eliot Slater alifuatilia wagonjwa 85 waliokuwa wameambiwa wana histeria katika hospitali moja ya London, akakuta wengi walikuwa na magonjwa halisi ya ubongo na mengine yaliyopuuzwa. Aliandika kwamba utambuzi huo ni vazi la kufichia ujinga. Mwaka 1980 Wamarekani waliliondoa jina histeria katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili.

Wagonjwa hawakuondoka. Leo hali hiyo huitwa tatizo la utendaji wa mfumo wa fahamu: neva na ubongo havina kidonda kinachoonekana, lakini namna vinavyofanya kazi imevurugika. Tofauti kubwa na zamani ni kwamba hautambuliwi tena kwa kuwa vipimo vimerudi safi, wala kwa kuwa mgonjwa ni mwanamke mwenye huzuni. Unatambuliwa kwa ishara zake. Charles Hoover alieleza moja mwaka 1908. Mgonjwa aliyelala akiambiwa abonyeze kitanda kwa kisigino cha mguu uliolegea, anashindwa. Akiambiwa ainue mguu wa pili, ule usio na tatizo, huku daktari akiuzuia, kisigino cha mguu uliolegea kinabonyeza chenyewe kwa nguvu zote. Njia ya kwenda mguuni ni nzima. Kinachokwama ni amri ya kukusudia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba makosa ya utambuzi, yaliyokuwa karibu asilimia 29 katika tafiti za miaka ya 1950, yameshuka hadi kama asilimia 4 tangu miaka ya 1970. Na picha za ubongo zimeonyesha tofauti kati ya mtu mwenye udhaifu huu na mtu aliyeambiwa ajifanye dhaifu.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa. Ilifunguliwa Mei 21, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ilitokea Nshamba, watu 217, kisha katika shule nyingine ya wasichana nje ya Bukoba. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizo mwaka 1963, walipima damu, walichunguza maji ya uti wa mgongo, walikagua chakula. Hawakukuta sumu wala vijidudu. Hakuna aliyekufa.

Duniani kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, kwamba Watanganyika walicheka mwaka mzima bila kupumzika. Si kweli, na inaniuma kukiona kikigeuzwa burudani. Mgonjwa alishikwa na kicheko na kilio kwa dakika au saa chache, akatulia, akashikwa tena. Wengine waliwapiga waliojaribu kuwazuia, na walisema wanaogopa kitu kinachowafukuza. Hali ilidumu hadi siku 16. Hakuna mwalimu aliyeshikwa. Walioshikwa pale Kashasha walikuwa wasichana wa miaka 12 hadi 18, walio mbali na nyumbani, chini ya kanuni kali, wasio na pa kupeleka malalamiko.

Mwaka 1987 daktari wa akili wa Uingereza Simon Wessely alitenganisha aina mbili za milipuko ya namna hii. Ya kwanza huja ghafla na kuisha haraka: harufu ngeni, mmoja anazimia, wengine wanafuata. Ya pili huanza taratibu mahali penye shinikizo la muda mrefu, huleta kutetemeka, kucheka au kupooza, na hukaa wiki nyingi. Kashasha ni ya pili. Oktoba 2023 wasichana wengi wa shule ya sekondari ya Eregi, kaunti ya Kakamega nchini Kenya, walilazwa miguu ikiwa haiwabebi, na maofisa wakatamka neno lilelile, histeria. Kulitamka hakutoshi. Kwanza chunguzeni maji, chakula na hewa kwa dhati. Kisha walioshikwa watengwe kwa utulivu wasitazamwe na wenzao, simu zisiwapige picha, maombi ya hadhara yasifanywe uwanjani mbele ya shule nzima, maana kila jicho linaloongezeka huongeza mgonjwa. Na mtu mzima wanayemwamini aketi nao awaulize bweni linaendaje.

Haifai pia kumbandika jina hili kila anayepandisha pepo ngomani. Miongozo ya leo yenyewe inasema kwamba kuingia hali hiyo ndani ya ibada au mila inayokubalika na jamii si ugonjwa. Ugonjwa ni pale inapomjia mtu asipotaka, ikamzuia kusoma, kufanya kazi au kulea.

Kwa familia yenye mtu wa namna hii, jambo la kwanza ni kutofautisha na kifafa, kwa sababu wako wanaomeza dawa za kifafa miaka mingi bila kuwa nacho, na wako wenye kifafa wanaoambiwa ni mapepo. Katika kifafa macho mara nyingi huwa wazi na shambulio kubwa huisha ndani ya dakika mbili au tatu. Katika mishtuko ya utendaji macho mara nyingi hufumbwa, kichwa hugeuka huku na huku, na huweza kuchukua muda mrefu. Ishara moja peke yake haitoshi, na wapo walio na yote mawili. Ndugu mmoja amrekodi kwa simu, amwonyeshe daktari peke yake, kisha aifute. Mguu uliolegea hutibiwa kwa mazoezi ya viungo yanayoondoa fikra kwenye mguu wenyewe: mtu asiyeweza kwenda mbele huweza kutembea kinyumenyume, na kutoka hapo mwendo hurudishwa hatua kwa hatua. Mwenye mishtuko husaidiwa kwa mazungumzo ya tiba, na kutambua dalili za mwanzo kabla hajaanguka. Dawa za kifafa zisikatishwe ghafla nyumbani hata familia ikiwa na uhakika gani. Daktari ndiye azipunguze.